Mtoto aliyebaki nje ya ua: juu ya sherehe za siku ya kuzaliwa

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa watoto bila sisi kumlipa kitu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ninawausia nyinyi, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, tumche Mungu katika yale makubwa na katika yale tunayoyaona madogo.

Ijumaa hii tunazungumza juu ya jambo ambalo wengine watasema ni dogo, halifai karatasi ya Ijumaa. Ni sherehe za siku ya kuzaliwa kwa watoto, zile tunazoziita aniversere. Zamani tulizisikia kwa watu wa Uvira na Bukavu. Leo ziko hapa Sange, katika mitaa yetu, kwa Wakristo na kwa Waislamu. Mara nyingi baada ya sala muumini ananishika mkono na kuniuliza: "Shehe, mtoto wangu ameitwa kwenye aniversere. Ni halali au ni haramu?"

Ndugu yangu, mimi nililijibu swali hilo kwa haraka. Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye mimbari nikasema: ni haramu, ni desturi ya watu wengine, Mwislamu asiende. Nikasema maneno hayo nikapita kwenye jambo lingine. Leo ninaandika kwa sababu Mungu alinionyesha, kwa njia ya mtoto wangu mwenyewe, kwamba jibu lile lilikuwa fupi kuliko swali.

YALIYONIPATA

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka kama sita, yuko mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Asubuhi moja jirani yetu Mkristo, ambaye mtoto wake alisoma darasa moja na wangu, alipiga hodi nyumbani. Mkononi alikuwa na kuku wawili. Akasema: "Shehe, leo mtoto wangu anatimiza miaka saba. Na watoto wa Waislamu watakuja. Ninaomba utuchinjie hawa kuku, ili wote wale bila wasiwasi."

Mnaijua desturi hii ya kwetu. Jirani asiye wa dini yako anakumbuka sharti la chakula chako kabla hata wewe hujalitaja. Huo ni ujirani mwema, na Mtume wetu ametuusia sana juu ya jirani. Basi mimi niliyesema haramu nilichukua kisu, nikataja jina la Mungu, nikachinja. Kisha nikaona haya kuchinja kuku wa sherehe na kumzuia mtoto. Nikasema ataenda, na mimi nitamsindikiza nimwangalie.

Tulifika saa tisa. Shitingi imefungwa juu kwa ajili ya jua, viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani, gato ndogo imeletwa kwa pikipiki kutoka Uvira. Fanta walipewa watoto wawili chupa moja. Pombe haikuwapo. Watoto waliimba, mwenye siku yake akazima mishumaa, wakapiga makofi. Kufikia hapo, ndugu zangu, kama nitasema niliona ubaya nitakuwa nimesema uongo. Niliona watoto wenye furaha katika bonde hili ambalo watoto wake wameona mengi.

Kisha ukaja wakati wa zawadi. Kijana mmoja alishika maikrofoni akaanza kuita: mtoto wa fulani aje mbele, ameleta nini? Kila kado ilifunguliwa mbele ya watu wote. Viatu: makofi. Mwanasesere: makofi. Bahasha yenye dola tano: makofi na vigelegele. Akaitwa msichana mmoja mdogo. Kado yake ilikuwa kipande cha sabuni, kimefungwa katika karatasi ya kaye. Kijana akasema kwenye maikrofoni kwamba leo mwenye sherehe atalala safi. Watu wakacheka.

Na mimi nilicheka. Ninaliandika hili kwa sababu limeandikwa tayari mahali ambapo halifutiki ila kwa toba.

Msichana yule hakulia. Alikwenda akakaa nyuma ya viti, na sahani ya wali ilipopitishwa hakunyoosha mkono.

Nilipogeuza uso nisimtazame, niliona ua wa matete. Katikati ya matete kulikuwa na macho. Watoto kumi, labda kumi na watano, ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha. Kijana mwingine alikuwa na fimbo ya kuwafukuza. Wakikimbia, kisha wanarudi. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu wa madrasa, yatima, anayekaribia kumaliza kuhifadhi juzuu ya Amma. Aliniona nimekaa kwenye kiti, sahani mkononi. Akanisalimia kupitia matete kwa adabu niliyomfundisha mimi mwenyewe: "Assalamu alaykum, Mwalimu." Nikaitikia kwa sauti ndogo, nikageukia upande mwingine.

Mtoto huyo amehifadhi kwangu sura ya Al-Maun, ile inayomtaja anayemsukuma yatima na anayezuia msaada mdogo. Mimi ndiye niliyemfundisha maana yake.

Tukarudi nyumbani. Njiani mtoto wangu akaniuliza: "Baba, siku yangu mimi ni lini?" Nikamjibu: "Wewe ulizaliwa wakati wa kuvuna mchele." Akafikiri, akasema: "Mchele unavunwa siku nyingi. Mimi ni siku gani?"

Sikuwa na jibu. Mama yake alikumbuka kwamba ilikuwa Alhamisi, kabla ya alfajiri. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye fishi ya chanjo, na fishi ilipotea katika siku zile za kukimbia milio ya risasi na kulala kwenye nyumba za watu. Akika sikumchinjia, kwa sababu pesa hazikuwapo, na zilipopatikana nilisahau. Kwenye eta-sivili sikwenda kumwandikisha. Kumbe nilikuwa nimewakataza watu siku ambayo mimi mwenyewe, kwa mtoto wangu, sikuijua.

WANAZUONI WANASEMA NINI?

Msiseme kwamba shehe amegeuka. Sikilizeni kwanza maneno ya wenye elimu, kwa sababu katika jambo hili hawako pamoja.

Wako wanaokataza. Kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudi Arabia na masheikh wakubwa wa huko wamesema haifai. Hoja yao ni nzito. Mtume alipofika Madina alikuta watu wana siku mbili za michezo, akawaambia kwamba Mungu amewabadilishia zilizo bora zaidi: Idi ya Fitri na Idi ya Kuchinja. Tena, wanasema, kuna kuwaiga watu wengine katika mambo yao.

Wako wanaoruhusu kwa masharti. Darul Ifta ya Misri imesema kwamba kukumbuka siku ya kuzaliwa kwa kumshukuru Mungu ni katika mambo ya desturi. Si ibada mpya, na halikatazwi kama halina haramu ndani yake. Hata huko Saudi, mwaka 2008, Shehe Salman al-Ouda alisema kwenye televisheni kwamba haoni ubaya, na Mufti Mkuu wa nchi ile akampinga mbele ya watu. Kama wakubwa hao wamehitilafiana, mimi na wewe wa Sange tusirushiane maneno ya ukafiri kwa sababu ya gato.

Lakini lipo jambo ambalo pande zote mbili wanalikubali, na limo katika Sahihi ya Muslim. Mtume aliulizwa juu ya kufunga siku ya Jumatatu. Akaeleza kwamba ndiyo siku aliyozaliwa, na ndiyo siku aliyoteremshiwa wahyi. Fikiri, ndugu yangu. Siku yake aliijua. Hakuisahau wala hakuona haya kuitaja. Na alichofanya ndani yake ni kufunga, yaani kuacha chakula chake kwa ajili ya Mungu.

Basi kuijua siku si kosa. Kosa linaweza kuingia katika yale tunayoyafanya ndani ya siku hiyo.

MTOTO ANAOMBA NINI?

Nililala usiku ule nikifikiri swali la mwanangu. Hakuniomba gato. Hakuniomba viatu. Aliuliza siku yake. Nadhani mtoto anapouliza hivyo anataka kujua jambo moja: nilipokuja duniani, kuna mtu aliyefurahi?

Uislamu umemjibu swali hilo kabla hajaweza kuuliza. Anapozaliwa tunamwadhinia sikioni. Tunampa kitu kitamu kidogo kinywani, kama Mtume alivyofanya kwa watoto wa Madina kwa tende. Siku ya saba tunamchinjia, tunamnyoa, tunampa jina zuri, na uzito wa nywele zake tunautolea sadaka ya fedha. Hiyo yote ni furaha, ndugu zangu. Dini yetu si dini ya kununa mbele ya mtoto. Mtume alimfanyia mzaha mtoto mdogo, ndugu yake Anas, juu ya kindege chake. Na mtu mmoja aliposema mbele yake kwamba ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja, Mtume alimjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Sisi wanaume wa bonde hili tulisome jibu hilo polepole.

Sasa linganisha akika na aniversere ya maikrofoni. Katika akika, mzazi ndiye anayetoa. Anachinja, anapika, anagawa kwa jamaa, kwa jirani, kwa maskini. Mgeni anakuja na dua tu. Katika sherehe ile niliyoiona, mzazi anakusanya. Kila mtoto anapita mbele na kado yake kama mtu anayepita kwenye barieri, na watu wanapima: huyu kaleta nini?

Unajua mtoto anajifunza nini hapo? Mwenye sherehe anajifunza kwamba thamani ya rafiki iko kwenye bahasha. Msichana wa sabuni anajifunza kwamba umaskini wa mama yake ni kichekesho. Na yule nyuma ya matete anajifunza kwamba kuna watu wa ndani na watu wa nje, na kwamba mwalimu wake wa Kurani ni wa ndani. Masomo hayo matatu yanaingia katika saa moja, na hakuna madrasa inayofundisha haraka hivyo.

Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 264, Mungu anatuonya tusiharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Kama sadaka yenyewe inaharibika kwa maudhi, sherehe itasalimika vipi?

UBAYA WA KARAMU

Mtume, kama alivyopokea Abu Huraira, ametufundisha kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni chakula cha karamu wanayoitiwa matajiri na kuachwa maskini. Limo katika Bukhari na Muslim. Angalia vizuri: hakusema nyama yake ni haramu. Inaweza kuchinjwa kwa jina la Mungu, kama nilivyochinja mimi wale kuku wawili. Chakula ni halali, na karamu ni mbaya. Ubaya haumo ndani ya chungu. Umo mlangoni.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza ni halali au haramu, ninakurudishia swali lako na jingine juu yake: nani amebaki nje ya ua wako?

Utaniambia: "Shehe, pesa ni zangu, na siwezi kulisha Sange nzima." Ni kweli, huwezi, na hakuna aliyekuamuru. Lakini Mtume alimwusia Abu Dharr kwamba anapopika mchuzi aongeze maji yake, akumbuke majirani zake. Hakumwambia aongeze nyama, maji yanapatikana. Ukiwa na kuku wawili, pika sombe nyingi pembeni, wali mwingi kidogo, kata vipande vidogo. Ukiona huwezi kabisa, basi kulani ndani ya nyumba, nyinyi na watoto wenu, kimya, na mlango umefungwa. Hilo si dhambi. Dhambi ni kupiga muziki ili mtaa wote usikie, kisha kuweka kijana wa fimbo kwa wale waliosikia.

Mwingine atasema: "Ninafanya hivyo kwa sababu fulani alifanya, mtoto wangu asionekane duni." Mama mmoja alikuja kwangu akilia, kwa sababu alikopa kwa ajili ya aniversere ya mtoto wa miaka minne, na mwezi uliofuata mkubwa wake alirudishwa kutoka shule kwa kukosa minervali. Mtoto wa miaka minne hatakumbuka ile gato. Mkubwa atakumbuka kurudishwa. Katika sura ya Al-Israa Mungu amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na kabla ya hapo, katika aya ya 26, anataja haki ya jamaa na maskini na msafiri. Haya mawili yamewekwa pamoja: kinachomwagika kwa fahari kimetoka katika haki ya mtu.

SIKU TATU

Katika sura ya Maryam Mungu anaitaja siku ya kuzaliwa. Anataja amani juu ya Nabii Yahya siku aliyozaliwa, siku atakayokufa na siku atakayofufuliwa. Na Nabii Isa, akiwa bado mtoto mchanga, anataja siku hizo hizo tatu juu ya nafsi yake. Kurani haikuitenga siku ya kwanza na mbili zinazofuata. Anayesherehekea mwaka mmoja umeongezeka akumbuke pia kwamba mwaka mmoja umepungua.

Watu wa Sange, hili si somo la vitabuni kwetu. Ijumaa tarehe 2 mwezi wa 7, 2010, jioni, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka hapa kwetu, barabarani. Watu wakakimbilia mafuta yaliyomwagika, wengine walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia, na moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, na wengi walikuwa watoto. Tuliwazika pamoja, wengi bila kujua ni nani. Watoto wale walikuwa na siku zao za kuzaliwa. Kwa wengine hakuna karatasi hata moja iliyobaki kusema kwamba walizaliwa.

Yuko mama mmoja katika jamaa yetu ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwao. Kila mwaka anapika sufuria kubwa ya uji wa mahindi, anaiweka barabarani mbele ya nyumba, na kila mtoto anayepita anapewa kikombe. Hakuna orodha, hakuna kado. Mimi nilidhani anafanya kwa ajili ya tarehe 2 mwezi wa 7. Siku moja nilimwuliza kwa nini uji wake huwa katika mwezi mwingine. Akaniambia: "Shehe, siku ya moto ni ya watu wote. Hii ni siku niliyomzaa. Namtolea sadaka."

Nilinyamaza. Nilikuwa ninatafuta katika vitabu sherehe ya kuzaliwa inayomridhisha Mungu, na ilikuwa inapikwa umbali wa nyumba chache na msikiti wangu, na mama ambaye mwanawe hayupo.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, ninatoa nasaha, na Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Kwanza, anza na haki ya mtoto kabla ya sherehe yake. Mpe jina zuri. Mchinjie akika ukiweza. Siku ya saba ikikupita, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi nafasi iko hadi mtoto abaleghe. Ukikosa mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja anatosha. Ukikosa kabisa, Mungu hakulazimishi usichokuwa nacho.

Pili, mwandikishe. Sheria ya nchi inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama, pamoja na gharama na safari zake. Mimi nimelipa gharama hizo kwa uzembe wangu. Katika nchi ambayo watu wanaulizwa kila siku wao ni nani na wametoka wapi, karatasi hiyo ni ngao ya mtoto wako. Na iandike tarehe pia nyumbani, mahali ambapo hutaacha ukikimbia. Mama yangu mimi aliniambia tu kwamba nilizaliwa mwaka nchi ilipopewa jina la Zaire, yaani 1971, wakati wa mvua. Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka hamsini. Tusiwarithishe watoto jibu la namna hiyo.

Tatu, ukiona dalili za wanaokataza zina nguvu zaidi, usifanye sherehe, na Mungu akulipe kwa tahadhari yako. Lakini usimfokee mtoto aliyeuliza siku yake. Mkalishe, mwambie habari ya siku ile: nani alikuwapo, mvua ilinyesha au hapana, uliomba dua gani. Habari hiyo haina gharama, wala hakuna mwanazuoni aliyeikataza.

Nne, ukifuata kauli ya wanaoruhusu, fanya kwa shukrani. Pasiwe na pombe, pasiwe na ngoma za uchafu, sala isipite. Asitangazwe mtu kwa alicholeta. Zawadi zipokewe kimya, zifunguliwe wageni wakiondoka. Ni bora zaidi uwaambie watu waje mikono mitupu. Na mfundishe mwenye siku yake kutoa: yeye mwenyewe agawe mandazi kwa watoto wa nje kabla ya kula.

Tano, fanya usawa kati ya watoto wako. Nu'man bin Bashir alipopewa zawadi na baba yake peke yake, Mtume alikataa kuwa shahidi, akaamuru uadilifu kati ya watoto. Usimfanyie mmoja kila mwaka na mwingine kamwe, wala wa kiume ukamwacha wa kike, wala wako ukamwacha yatima unayemlea.

Sita, jirani asiye Mwislamu akikualika kwa wema, mjibu kwa wema. Kama huendi, kataa kwa ulimi mzuri, mwombee mtoto wake heri. Kama mtoto wako anakwenda, mfundishe nyumbani: akiona mwenzake anachekwa, akakae karibu naye.

KUMALIZA

Mtaniuliza: na wewe, Shehe, ulifanya nini? Nilimwita yule yatima, nikamwomba radhi. Alishangaa, alisema hakukasirika. Hilo liliniumiza zaidi, maana alikuwa amezoea. Msimu uliofuata nilichinja akika ya mwanangu, mbuzi mmoja, na wali, na sombe ya kutosha. Mlango wa ua niliuondoa kabisa siku ile, nikauegemeza ukutani. Watoto walikula hadi jioni, na yule jirani wa kuku alikuja na familia yake. Mwanangu anajua sasa kwamba alizaliwa Alhamisi, na nimemfundisha kuomba dua kila Alhamisi alfajiri.

Msichana wa sabuni sikumpata. Familia yake walihama kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwao. Kicheko changu kiko mahali fulani katika moyo wake, na mimi sijui yuko wapi. Kama wewe unayesoma karatasi hii unao mlango ulio karibu wa kwenda kuomba radhi, nenda leo baada ya sala, usingoje wahame.

Ee Mola wetu, tujaalie wake zetu, waume zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Warehemu watoto wetu waliokufa kwa moto, kwa maji na kwa risasi, uwafanye kuwa akiba kwa wazazi wao. Walinde walio hai katika bonde hili. Utusamehe tuliomcheka maskini na tuliogeuza uso mbele ya yatima. Usitufanye siku ya kufufuliwa kuwa miongoni mwa wanaobaki nje. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Ukimaliza kusoma, mpe jirani ambaye hakufika msikitini. Usiitupe, ina majina ya Mungu.)